Mwongozo Kamili: Jinsi ya Kugeuza Shamba Lako Nje ya Nairobi Kuwa Hifadhi ya Wanyamapori Inayotambulika

Wasomaji wenye mashamba Kitengela, Isinya, Empakasi na Kapiti wananiandikia malalamiko yanayofanana: nimeliacha shamba langu kwa ajili ya wanyama, nimesimamisha kibao cha hifadhi barabarani, lakini hakuna ofisi inayonitambua, na tangu jirani azungushe seng'enge, nyumbu hawaonekani tena. Nia yao ni njema. Tatizo ni kwamba kazi imeanzwa mwisho.

Mwongozo huu umeandikiwa mtu mwenye ekari kumi na kuendelea, peke yake au pamoja na majirani, kusini mwa Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi. Mbuga ile ina kilomita za mraba 117 tu. Imezungushwa ua pande tatu, na upande wa kusini, ng'ambo ya Mto Mbagathi, uko wazi. Mvua inaponyesha, nyumbu, pundamilia na pofu hutoka kwenda kutafuta nyasi nyanda za Athi-Kapiti, na huko wanakula katika mashamba yenye hatimiliki za watu binafsi. Miaka ya 1970 nyumbu wa nyanda hizo walihesabiwa kwa makumi ya elfu. Leo wamebaki elfu chache, na sababu kubwa ni ua, ploti na machimbo ya mawe.

## Jua kwanza unamiliki nini

Hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Mnyamapori ni mali ya taifa, hata akizaliwa mlangoni pako. Isipokuwa spishi chache zinazofugwa kwa leseni, huwezi kumuuza, kumkamata, kumhamisha wala kumwinda. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977.

Wewe unamiliki ardhi, nyasi, maji na lango. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 inatambua uhifadhi kuwa matumizi halali ya ardhi yanayoweza kukuletea kipato, na kifungu cha 39 kinamruhusu mtu mmoja au jamii kuanzisha hifadhi kwenye ardhi yake. Bidhaa yako, basi, ni nafasi: ruhusa ya wengine kuingia kuwatazama wanyama, na ahadi iliyoandikwa kwamba shamba halitafungwa wala kukatwakatwa. Ukilishika hilo, hatua zote zinazofuata zitaeleweka.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Hatimiliki, na taarifa rasmi ya umiliki iliyotolewa karibuni na masjala ya ardhi
- Ramani ya upimaji ya shamba lako na ya mashamba yanayopakana nalo
- Vitambulisho na namba za mlipakodi (KRA) za wamiliki wote, pamoja na idhini ya mwenzi wa ndoa
- Daftari la kumbukumbu na simu inayopiga picha zenye tarehe na mahali
- Wakili anayejua sheria ya ardhi, na mpima ardhi aliyesajiliwa
- Akiba ya kuimarisha zizi kabla ya pesa yoyote kuingia

## Hatua ya 1: Safisha karatasi za ardhi

Kama rekodi za eneo lako zimehamishiwa Ardhisasa, mfumo wa serikali wa rekodi za ardhi mtandaoni, omba taarifa ya umiliki mtandaoni. La sivyo, nenda masjala ya Kajiado au Machakos. Linganisha jina, namba ya shamba na ukubwa na yaliyo kwenye hatimiliki. Kisha mpima ardhi akuonyeshe kila bikoni (alama ya mpaka) ilipo.

Shamba lenye mgogoro wa mpaka halikodishiki, na mfadhili makini huanza na swali hilohilo.

Onyo: kama hatimiliki bado iko kwa jina la marehemu, maliza mirathi kwanza. Mkataba uliotiwa saini na mtoto mmoja kwa niaba ya ndugu zake utavunjika siku ndugu mmoja atakapompata mnunuzi.

## Hatua ya 2: Jua nani anapita, wapi na lini

Tembea shamba lote alfajiri na jioni, wakati wa mvua na wakati wa kiangazi. Andika nyayo, vinyesi na njia zilizokanyagwa. Sogea karibu na seng'enge, hasa kwenye mabonde na pembe za shamba. Ukikuta manyoya meupe na meusi yamenasa kwenye miiba ya waya, na ardhi iliyo chini yake imechimbuka, umepata mahali pundamilia wanapolazimisha njia. Piga picha, weka alama kwenye ramani.

Kisha waulize wachungaji. Kijana anayelisha mbuzi pale kila siku anajua fisi wanalala wapi kuliko mtaalamu atakayekuja kwa gari siku moja.

Tenga ukurasa wa spishi zilizo hatarini. Twiga wa Kimasai aliorodheshwa kuwa hatarini kutoweka mwaka 2019. Tai mgongo mweupe yumo katika kundi la hatari kubwa kabisa tangu 2015, na karani tamba aliingia orodha ya walio hatarini mwaka 2020. Wengine ni simba, chui na duma. Mti mmoja wa mgunga wenye kiota cha karani tamba unaweza kuongeza uzito wa ombi lako la usajili kuliko maelezo ya kurasa kumi.

Usianike mtandaoni mahali penye viota au mapango. Habari hiyo iende kwa Shirika la Huduma za Wanyamapori, KWS, na kwa watafiti tu.

Umefanikiwa pale unapoweza kumwonyesha mgeni mstari kwenye ramani na kumweleza wanyama gani hupita hapo, katika miezi ipi.

## Hatua ya 3: Nenda kwa jirani kabla ya kwenda kwa wakili

Ekari ishirini peke yake ni mahali pa mnyama kupumzika. Ekari ishirini zilizoungana na za majirani watano ni njia. Kwa mnyama anayehama, njia ndiyo uhai, kwa hiyo ramani yako haina thamani kama shamba linalofuata limefungwa.

Nenda nyumbani kwa jirani, kunywa chai, usikilize kwanza. Usianze na habari za watalii. Namna moja ya kulifungua jambo ni hii: "Mzee wangu, sikuja kukuambia la kufanya na shamba lako. Nimekuja kuuliza: ile seng'enge ya upande wa mto tukiilegeza miezi ya mvua, wewe utapoteza nini? Tukijua, tutazungumza jinsi ya kukifidia." Akikujibu kwamba fisi walimla ndama watatu, hicho ndicho kikao chenu cha kwanza. Mambo ya hifadhi yatasubiri.

Zungumza pia na mama wa boma, maana mara nyingi yeye ndiye anayekamua na ndiye anayeijua hasara. Na wana wa mzee wakae kikaoni. Nimeona mipango mizuri ikifa kwa sababu mzee alikubali huku vijana wakiwa tayari wanazungumza na dalali wa ploti.

Uliza ofisi ya mipango ya kaunti kuhusu mpango wa matumizi ya ardhi wa eneo lenu. Kajiado ilikuwa na mpango wa Kitengela, Isinya na Kipeto uliolenga kudhibiti ukataji wa ardhi ovyo. Shamba lako likiangukia katika eneo la malisho na wanyamapori, una hoja ya kisheria mkononi jirani mwingine akitaka kuchimba mawe.

## Hatua ya 4: Tafuta chombo cha kuwabeba

Ukiwa peke yako, jina lako linatosha. Mkiwa wengi, mwaweza kusajili amana (trust), kampuni isiyogawana faida, au chama cha wenye ardhi. Wakili atawashauri.

Jambo moja lisijadiliwe: hatimiliki hazihamishwi. Kila mtu abaki na shamba lake, na chombo kipewe haki ya matumizi tu. Anayewaambia mhamishe hati ili mfadhili "awe na imani" anawapeleka pabaya.

## Hatua ya 5: Andika mkataba wenye meno

Mwaka 2000 ulianza mpango wa kuzilipa familia zilizo kusini mwa mbuga dola 4 kwa ekari kwa mwaka. Masharti yalikuwa mepesi kueleweka: usizungushe ua, usilime, usichimbe mawe, waache wanyama wapite, na ng'ombe wako waendelee kulisha. Familia nyingi zilijiunga, na pesa hizo ziliwasaidia watu kulipa karo bila kuuza ardhi.

Fanya hesabu kabla ya kusaini chochote. Kwa kiwango kile, ekari 50 ni dola 200 kwa mwaka. Hakuna malipo ya uhifadhi yatakayoshinda bei ya ploti karibu na barabara ya lami, na anayekuambia yatashinda anakudanganya. Mkataba wa hifadhi unamfaa mtu anayetaka kubaki na ardhi yake, kufuga, na kupata nyongeza juu ya mifugo. Kama unahitaji kuuza, kaa na familia uuze sehemu iliyo mbali na njia ya wanyama, nyingine uilinde kwa maandishi.

Mkataba wako utaje wazi:

- Ekari ngapi, kwa ramani iliyoambatishwa
- Yaliyokatazwa na yaliyoruhusiwa, pamoja na idadi ya mifugo na miezi ya kulisha
- Kiasi, tarehe ya malipo, na nani analipwa. Karo ikianza Januari, malipo ya Machi hayamsaidii mzazi
- Kitakachotokea malipo yakichelewa: baada ya muda gani mwenye shamba yuko huru
- Nani anabeba hasara mnyama akiua mifugo, na mfuko mdogo wa kusaidiana kwa ajili hiyo
- Mwenye shamba akitaka kuuza, majirani au hifadhi wapewe nafasi ya kwanza ya kununua

Kukodisha ardhi ya kilimo kunahitaji idhini ya Bodi ya Kudhibiti Ardhi, na ombi lipelekwe ndani ya miezi sita tangu makubaliano. Wengi hulipuuza hili, halafu mkataba unakuwa batili bila wao kujua. Mkataba unaozidi miaka miwili usajiliwe masjala ya ardhi.

Sheria ya 2013 pia inamruhusu mwenye ardhi kuweka kwa hiari sharti la uhifadhi juu ya shamba lake. Likisajiliwa, linamfunga hata atakayenunua baadaye. Huo ni ulinzi mkubwa kuliko wote, na kwa sababu hiyo usiuweke kwa haraka wala bila familia nzima.

Kuhusu mikataba ya kaboni, ambapo unalipwa ili nyasi, miti na udongo wa shamba lako vihifadhi hewa ya ukaa: mingi hufunga ardhi kwa miongo kadhaa. Usisaini kama wakili wako mwenyewe, anayelipwa na wewe, hajaisoma yote.

## Hatua ya 6: Rekebisha ua, zizi na maji

Hii ndiyo kazi ya mikono, na ndiyo inayoonekana na mnyama. Mkataba hausomwi na nyumbu.

Ua. Wanyama wafungiwe nje mahali padogo: nyumba, bustani ya mboga, zizi. Sehemu kubwa ya shamba ibaki wazi. Kama ni lazima kuonyesha mpaka, tumia nguzo za mawe, mkonge, au waya laini usio na miiba. Uzi wa chini uinuliwe swala tomi apite chini bila kujichana, na wa juu usizidi kimo cha kifua cha mtu ili pofu aruke. Toa kabisa seng'enge ya zamani iliyolegea na kulala kwenye nyasi. Waya uliolala ni mbaya kuliko uliosimama, kwa sababu nyumbu hauoni akikimbia usiku, na akishanaswa mguu fisi humkuta pale.

Zizi. Hapa ndipo pesa yako ya kwanza iende. Ua wa miiba peke yake haumzuii simba. Simba akinguruma nje usiku, ng'ombe huingiwa na hofu, husukumana na kuvunja ua wenyewe, na hukamatwa nje. Zungusha wavu imara wa chuma wenye kimo cha kumpita mtu, ukazwe kwenye nguzo zilizokaa karibu karibu, na sehemu ya chini izikwe au ibanwe kwa mawe ili fisi asichimbe. Mlango ndio udhaifu wa mazizi mengi. Mafundi wa huku hufunua pipa la mafuta, hulinyoosha likawa bati, na kulipigilia kwenye fremu ya chuma. Mlango wa namna hiyo hautafunwi wala ng'ombe hawaoni kilichoko nje.

Ongeza taa za kumwekamweka zinazotumia betri ya sola. Wazo hilo lilitoka kwa Richard Turere, mtoto wa Kimasai aliyechunga ng'ombe wa baba yake mpakani mwa mbuga hii. Aligundua kwamba simba huogopa mwanga unaohama, kwa kuwa hudhani mtu anatembea na tochi. Badilisha mahali pa taa mara kwa mara wanyama wasizizoee.

Kuna sababu ya kisheria pia. Sheria inakataa fidia kwa mtu ambaye hakuchukua hatua za kutosha kulinda mifugo au mazao yake. Piga picha zizi likikamilika, na weka risiti za wavu.

Maji. Birika la ng'ombe liwe na ngazi ya mawe ndani, ndege na wanyama wadogo wapate pa kutokea wakitumbukia. Usichimbe kisima bila kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Na usitandaze maji kila mahali: nyasi zinazozunguka maji huliwa hadi udongo, na wanyama hawahami tena inavyopasa.

Malisho. Gawanya shamba kwa zamu. Ng'ombe walioswagwa pamoja na kuhamishwa kwa wakati huacha nyasi fupi, laini, ambazo swala na nyumbu huzipenda, wakati shamba lisiloliwa kabisa hujaa nyasi ngumu. Wafugaji wa Kapiti waliishi hivi muda mrefu kabla ya neno hifadhi, na ndiyo maana sikubaliani na washauri wanaoanza kwa kuwafukuza ng'ombe.

## Hatua ya 7: Mpango wa usimamizi, kisha KWS

Sheria ya 2013 ina Jedwali la Tano linaloeleza mambo ya kuzingatia katika mpango wa usimamizi. Mpango wako uoneshe mipaka, orodha ya wanyama uliyoiandika katika hatua ya 2, maeneo ya matumizi mbalimbali, namna ya kuzuia migogoro kati ya watu na wanyama, watu watakaoulinda, na pesa zitakazouendesha. Kurasa chache zilizo za kweli zinatosha.

Peleka rasimu kwa KWS, kituo kilicho karibu nawe kwanza, halafu makao makuu Barabara ya Lang'ata. Mwalike afisa atembee shamba pamoja nawe. Jiunge pia na Muungano wa Hifadhi za Wanyamapori Kenya, KWCA, ambao husaidia hifadhi changa kwa mafunzo na taratibu. Kama utajenga kambi au nyumba za wageni, NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, inataka tathmini ya athari kwa mazingira kabla hujaweka jiwe la kwanza.

Usimpe silaha mlinzi wako yeyote. Maskauti wa hifadhi hufanya kazi kwa macho, miguu, simu na ukaribu wao na KWS.

Umefanikiwa ukiwa na usajili mkononi na namba ya afisa anayepokea simu usiku.

## Kama una ekari chache: kufuga kwa leseni

Mwenye ekari mbili Ongata Rongai hataokoa msafara wa nyumbu. Sheria inamruhusu kuomba leseni ya KWS ya kufuga baadhi ya wanyamapori, kama mbuni, mamba, vipepeo au konokono. Anza na soko, halafu leseni, halafu mbegu ya wanyama kutoka chanzo halali. Wanunuzi wa nje watataka pia vibali vya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya spishi zilizo hatarini, kwa spishi kama mamba na vinyonga.

Kumbukeni kware. Mwaka 2013 na 2014 Wakenya wengi waliomba leseni, mayai yakawa mengi, na bei ikaporomoka.

Mfano unaonivutia uko Gede, kando ya Msitu wa Arabuko-Sokoke. Mradi wa Kipepeo ulioanza 1993 hununua kutoka kwa wakulima pupa za vipepeo (viwavi waliokwisha kujifunga) walizozilea nyumbani kwa majani yanayofaa, kisha huziuza ng'ambo. Vipepeo wazazi hutoka msituni, kwa hiyo mkulima ana sababu ya kutaka msitu ubaki umesimama. Ufugaji usio na kamba kama hiyo kati ya pesa na pori ni biashara halali, lakini usiuite uhifadhi.

## Hatua ya 8: Kumbukumbu, na la kufanya usiku mbaya

Weka daftari moja la kila siku: tarehe, mnyama, idadi, mahali, shida. Kila mwisho wa mwaka lipeleke kwa KWS pamoja na picha za mahali palepale, zilizopigwa mwezi uleule.

Usiku fisi au simba atakapoua, fuata utaratibu huu. Usiguse mzoga, usiruhusu watu kukanyaga nyayo. Piga picha za mzoga, nyayo na zizi, na kitu kinachoonyesha ukubwa kiwekwe pembeni. Piga simu KWS asubuhi hiyohiyo ili afisa aje kuthibitisha, kisha jaza fomu ya madai inayokwenda kwa kamati ya wanyamapori ya kaunti. Kwa binadamu, sheria inaweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa kifo, milioni 3 kwa ulemavu wa kudumu, na hadi milioni 2 kwa majeraha mengine. Malipo huchelewa, wakati mwingine miaka, na hilo linawaumiza watu ambao wamekubali kuishi na simba kwa niaba yetu sote. Ndiyo maana mfuko mdogo wa kusaidiana mliouandika katika mkataba unahitaji kuwa na pesa kabla ya usiku huo.

Baki na mzoga hadi afisa afike, kisha uchomwe au uzikwe. Mtu mwenye hasira akiutia dawa ya wadudu, simba aliyemlenga huenda asirudi kabisa, lakini tai watashuka kwa makumi asubuhi ile na kufa wote kwenye mzoga mmoja.